Ohio: Leseni ya bastola kwa sherifu, au kubeba bila leseni?

Tangu tarehe 13 Juni 2022, mtu aliyetimiza miaka 21 na asiyezuiwa na sheria kumiliki silaha anaweza kubeba bastola iliyofichwa katika jimbo la Ohio bila leseni. Sheria iliyoleta mabadiliko hayo, Senate Bill 215 (kwa kifupi SB 215), haikuifuta leseni yenyewe. Masherifu wa kaunti zote 88 wanaendelea kupokea maombi kama walivyofanya tangu mwaka 2004. Ndiyo maana Wakenya, Wakongomani na Watanzania wa Columbus, Dayton na Cleveland hawaachi kuulizana: kuna haja gani ya kulipa ada, kukaa kwenye mafunzo saa 8 na kutoa alama za vidole kwa jambo ambalo jimbo limesharuhusu bure?

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kama wewe si raia wa Marekani, chukua leseni au acha kabisa kubeba. Kama ni raia, lakini njia yako ya kila siku inapita karibu na shule au unavuka mpaka wa jimbo mara kwa mara, chukua leseni vilevile. Kubeba bila leseni kunamfaa raia mwenye rekodi safi anayezunguka ndani ya Ohio tu, na hata huyo ana mambo ya kuangalia.

Masharti ni yale yale, anayeyapima ndiye tofauti

Wengi hudhani kwamba anayebeba bila leseni amelegezewa masharti. Sivyo. Ukiondoa mafunzo, sheria ya 2022 inamtaka awe na sifa zile zile ambazo sherifu angezitafuta kwa mwombaji. Asiwe na hukumu ya kosa kubwa la jinai. Asiwe na hukumu ya dawa za kulevya iliyozidi kosa la daraja la chini kabisa. Asiwe amehukumiwa kwa kosa dogo la ukatili ndani ya miaka 3 iliyopita, wala kwa kupinga kukamatwa ndani ya miaka 10. Asiwe chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mtu mwingine dhidi yake, wala na kesi ya kosa kubwa inayoendelea. Kuna pia katazo la shirikisho ambalo halina mwisho: aliyehukumiwa kwa kumpiga mwenzi wa ndoa au mzazi mwenziwe, hata kama kosa lilihesabiwa dogo na adhabu ikawa faini, haruhusiwi kumiliki bunduki ya aina yoyote.

Ukiomba leseni, kazi ya kupima inafanywa na ofisi ya sherifu kwa alama zako za vidole. Kukiwa na tatizo, unapata barua inayoeleza sababu, na una nafasi ya kukata rufaa au kusahihisha rekodi yenye makosa. Usipoomba, unajipima mwenyewe kwa kumbukumbu zako. Mtu wa kwanza kukuhakiki atakuwa askari wa barabarani, na ikiwa ulikosea kujihesabu, hapo kosa limeshatendeka, bastola iko kiunoni.

Tahadhari moja: usipeleke ombi kwa sherifu kama njia ya kubahatisha. Fomu unaijaza kwa kiapo, na jibu la uongo ni kosa peke yake. Mwenye kesi ya zamani ambayo haelewi iliishaje aanze kwa karani wa mahakama iliyosikiliza kesi hiyo, achukue nakala ya hukumu, amwonyeshe wakili, kisha ndiyo aende dirishani.

Kama huna uraia

Hapa ndipo uzito wa jambo lote ulipo kwa wasomaji wetu wengi.

Aliyeko Marekani kwa viza ya muda, iwe ya utalii, ya masomo au ya kazi kama H-1B, hana njia hata moja kati ya hizi mbili. Sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo, na leseni ya Ohio hapewi. Mwenye grini kadi, wakiwamo walioshinda bahati nasibu ya viza, anaruhusiwa. Mkimbizi aliyepokewa rasmi na aliyepewa hifadhi pia hawamo kwenye kundi la viza za muda. Asiye raia ataandika kwenye fomu nchi ya uraia wake na namba yake ya uhamiaji, ile inayoanza na herufi A.

Sasa soma sheria ya uhamiaji inavyosema: mgeni aliyehukumiwa, wakati wowote baada ya kuingia nchini, kwa kununua, kumiliki, kubeba au kutumia bunduki kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa Marekani. Haisemi lazima liwe kosa kubwa. Kosa la kubeba bastola pasiporuhusiwa linaweza kuishia kwa faini kwa jirani yako aliyezaliwa Akron, na kwa kosa hilo hilo wewe ukaitwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Kwa sababu hiyo, kila kinachopunguza nafasi ya kukosea kina thamani kubwa kwako kuliko kwake, na leseni inapunguza kadhaa kwa mpigo.

Kuna mitego miwili mingine inayowanasa watu wetu. Wa kwanza ni kisanduku cha uraia. Kwenye fomu ya sherifu na kwenye fomu ya shirikisho namba 4473 unayojaza dukani unaponunua, usitie alama kwenye uraia wa Marekani kwa haraka au kwa sababu karani amekuelekeza vibaya. Kujidai raia kwa uongo ni miongoni mwa makosa mazito kabisa ya uhamiaji. Wa pili ni kumnunulia mtu mwingine. Mwenye grini kadi anayemnunulia bastola rafiki mwenye viza ya masomo, kwa pesa za rafiki huyo, anatenda kosa la shirikisho siku hiyo hiyo, na rafiki naye pia.

Na kuhusu bangi: wapiga kura wa Ohio waliihalalisha Novemba 2023, lakini fomu 4473 ni ya shirikisho na ina swali la matumizi ya bangi. Ruhusa ya jimbo haibadilishi swali hilo.

Shule, jambo ambalo SB 215 haikuweza kuligusa

Sheria ya shirikisho inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka kwenye eneo la shule, yaani kama mita 305. Adhabu inafika miaka 5 jela. Msamaha unampata aliyepewa leseni na jimbo ambamo shule hiyo ipo, mradi jimbo lilimhakiki kabla ya kumpa. Anayebeba kwa ruhusa ya jumla ya jimbo, bila leseni, hana cha kuonyesha. Kwake yeye bastola ndani ya gari inapaswa kuwa haina risasi na imefungwa kwenye sanduku lenye kufuli kila anapoingia kwenye mzunguko huo, ila tu akiwa kwenye eneo la mtu binafsi, kama nyumbani kwake.

Fungua ramani ya mtaa wako na uchore duara la mita 305 kuzunguka kila shule ya msingi, ya kati na ya sekondari, za umma na za binafsi. Mjini Columbus hutapata njia nyingi za kwenda kazini zinazokwepa maduara hayo yote. Ni kweli kwamba mashtaka ya namna hii kwa mtu asiye na kosa jingine si ya kawaida. Lakini rudi kwenye ile sheria ya uhamiaji, kisha uamue kama unataka kuegemea mazoea ya waendesha mashtaka.

Leseni haikupi ruhusa ya kuingia na bastola ndani ya jengo la shule. Ukienda kumchukua mtoto, inabaki garini, na gari linafungwa.

Kwa kutazama upesi

| | Leseni ya sherifu | Bila leseni |
|---|---|---|
| Umri | 21 | 21 |
| Mafunzo | Saa 8, angalau 2 za ana kwa ana na za kupiga shabaha | Hayalazimishwi |
| Ada ya jimbo | Dola 67; uliyekaa Ohio chini ya miaka 5 unaongeza gharama ya uhakiki wa FBI | Hakuna |
| Muda | Miaka 5 | Mradi una sifa |
| Nani anahakiki | Sherifu | Wewe mwenyewe |
| Futi 1,000 za shule | Umesamehewa ndani ya Ohio | Hukusamehewa |
| Michigan | Inakubalika kwa mkazi wa Ohio | Haikubaliki |

Dirishani kwa sherifu

Unaomba katika kaunti unayoishi au kaunti inayopakana nayo. Hiyo ya pili watu wengi hawaitumii. Mkazi wa Franklin anaweza kwenda Delaware, Licking, Fairfield, Pickaway, Madison au Union. Mkazi wa Montgomery anaweza kwenda Greene au Miami. Ada ya msingi ni ile ile, sheria ni ile ile. Kinachotofautiana ni foleni na utaratibu: kuna ofisi zinazotaka uweke miadi kwenye tovuti, kuna zinazopokea anayefika tu. Sheria inamtaka kila sherifu apokee maombi kwa angalau saa 15 kwa wiki, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujaomba ruhusa kazini. Kama kaunti yako kubwa imejaza miadi, ndogo ya jirani mara nyingi ni nafuu ya muda.

Beba kitambulisho chenye picha, cheti cha mafunzo, grini kadi au hati nyingine ya uhamiaji, na ada. Picha ya rangi inatakiwa iwe imepigwa ndani ya siku 30. Ofisi nyingi huipiga pale pale. Uliza mapema kama wanapokea kadi ya benki au pesa taslimu tu. Utathibitisha pia kwamba umesoma kijitabu cha Mwanasheria Mkuu wa jimbo kuhusu sheria za silaha, kwa hiyo kisome kweli. Ombi likikamilika, sherifu ana siku 45 za kutoa leseni au kukataa.

Kinachokwamisha maombi ya watu wetu mara nyingi ni majina. Kwenye grini kadi jina la babu limekuwa jina la ukoo, kwenye leseni ya udereva moja kati ya majina matatu limekatwa, na cheti cha mafunzo mwalimu ameandika kama alivyosikia. Mpe mwalimu leseni yako ya udereva akopi herufi kwa herufi, na kwenye fomu jaza sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia. Waliosajiliwa kambini kwa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, na wenye majina yanayobebwa na maelfu, hukutana na tatizo jingine wanaponunua: mfumo wa FBI unawachanganya na watu wengine na ununuzi unacheleweshwa kila mara. FBI ina utaratibu wa hiari wa kuweka kumbukumbu zako na kukupa namba ya utambulisho iitwayo UPIN, unayoiandika kwenye fomu 4473. Omba hiyo baada ya kucheleweshwa mara ya kwanza, usingoje ya tatu.

Vidole navyo husumbua. Anayefanya usafi kwa kemikali au kupakia maboksi ghalani siku nzima, michirizi ya vidole vyake imekwisha na mashine haiisomi. Pakaa mafuta mikononi kila usiku kwa siku kadhaa kabla ya miadi, lakini siku yenyewe nenda na mikono mikavu, isiyo na mafuta.

Mafunzo yana thamani hata kwa asiyelazimishwa

Saa 8 hizo zinaweza kugawanywa, sehemu ya nadharia ikafanyika kwa mtandao, lakini zile 2 za uwanja wa shabaha lazima uwepo. Kuna mtihani wa maandishi na unaonyesha kwa vitendo kwamba unaimudu silaha. Bei inatofautiana kati ya mwalimu na mwalimu, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza: risasi zimo? Bastola ya kuazima? Ada ya uwanja? Miwani na vizuia sauti vya masikio? Kozi inayoonekana rahisi ikishaongezwa hayo manne hugeuka kuwa ghali. Na mkwepe anayekuahidi cheti kwa saa tatu: cheti cha namna hiyo kikigundulika, leseni inakwenda nacho.

Chukua mfano wa kitu kidogo ambacho hutakisoma kwenye fomu yoyote. Kutoa risasi kwenye bastola ya kujipakia kuna mpangilio: unachomoa magazini (kibebeo cha risasi) kwanza, ndipo unavuta sehemu ya juu nyuma ili risasi iliyomo chemba, pale inaposubiri kufyatuliwa, iruke, kisha unatazama ndani na kupapasa kwa kidole. Anayegeuza mpangilio huo, akavuta kwanza na kuchomoa magazini baadaye, anaitoa risasi moja na papo hapo magazini inasukuma nyingine mahali pake. Anaiona moja imeanguka mezani, anaamini bastola ni tupu, kumbe imejaa. Ajali nyingi za bastola "tupu" nyumbani zina chanzo cha aina hii, na mwalimu mzuri atakurudisha kwenye mpangilio huo mpaka mikono iuzoee.

Nyumbani, iwe una leseni au huna, bastola ikae kwenye sanduku la chuma lenye kufuli ambalo mtoto hajui namba yake. Droo ya kitandani na juu ya kabati watoto huvijua kabla yako. Na kama kuna mtu ndani ya nyumba aliyekata tamaa ya maisha, bastola itoke kwenye nyumba hiyo kwanza. Namba 988, ya msaada kwa aliye katika hali hiyo, inapokea simu usiku na mchana.

Mahali ambapo njia zote mbili ni sawa

Kanisani na msikitini huingii na bastola mpaka uongozi wa mahali hapo uwe umeruhusu. Mahakamani, kituo cha polisi na sehemu ya uwanja wa ndege iliyopita ukaguzi ni marufuku. Majengo ya shirikisho vilevile: posta, ofisi ya Social Security, na ofisi ya uhamiaji unakokwenda kwa usaili wa grini kadi au uraia. Siku ya usaili iache nyumbani kabisa. Duka au kiwanda kilichobandika tangazo la kukataza silaha kina haki hiyo, na ukilipuuza unaingia kwenye kosa la kuvamia. Baa unaweza kuingia, lakini hunywi hata bia moja.

Askari akikusimamisha, Ohio haikulazimishi tena kuanza wewe kusema kwamba una bastola, jambo lililobadilishwa na sheria hiyo ya 2022. Akikuuliza, lazima useme ukweli. Mikono iwe juu ya usukani, taa ya ndani iwashwe kama ni usiku, na usiiguse bastola wala usinyooshe mkono kwenye droo ya gari mpaka uambiwe. Kama Kiingereza kinakupa shida, jifunze sentensi moja ya kujibu swali hilo na uizoee.

Ukivuka mpaka

Kutoka Toledo hadi Detroit ni mwendo wa saa moja tu, lakini Michigan inadai leseni kwa bastola iliyofichwa. Inaikubali leseni ya Ohio kwa mkazi wa Ohio, na huko ni lazima umwambie askari mara moja bila kungoja swali. Asiye na leseni aipakie kwenye buti, haina risasi, ndani ya kisanduku kilichofungwa. Kentucky, West Virginia na Indiana zina ruhusa zao za kubeba bila leseni. New York haitambui leseni ya Ohio hata kidogo. Anayekwenda kuwatembelea ndugu huko aiache nyumbani. Ramani ya majimbo yanayotambua leseni hubadilika, hivyo itazame kwenye tovuti ya Mwanasheria Mkuu wa Ohio wiki ya safari.

Anayehamia Minnesota, kama wafanyavyo wengi wetu, ajue kwamba kule kibali cha sherifu ni lazima ili kubeba bastola hadharani, ada ya kwanza haizidi dola 100, na mwombaji awe raia au mkazi wa kudumu. Mkimbizi ambaye grini kadi yake haijatoka atakosa huko kile ambacho Ohio ingempa.

Baada ya kuipata, na njia ya dharura

Ukihama nyumba, mjulishe sherifu aliyekupa leseni ndani ya siku 45. Unaweza kuanza kuhuisha siku 90 kabla haijaisha, kwa dola 50, na hurudii mafunzo. Uliye na chini ya miaka 5 Ohio unaongeza tena gharama ya FBI. Ukifunguliwa mashtaka ya kosa linalokuondolea sifa, leseni inasimamishwa, na kumbuka kwamba aliyesimamishiwa leseni hawezi kurudi kwenye ile njia ya bila leseni.

Mtu anayetishiwa maisha hana haja ya kusubiri hizo siku 45 wala kumaliza kozi. Anakwenda kwa sherifu na kiapo kinachoeleza tishio, au barua ya mwendesha mashtaka, anahakikiwa, na anapewa leseni ya muda ya dharura inayodumu siku 90. Haihuishwi. Kwa hiyo anayeichukua ajiandikishe kwenye mafunzo wiki hiyo hiyo na apeleke ombi la kawaida mapema, ili siku ya 90 isimkute mikono mitupu.